Nani Alimwita Hobert

Baba mkubwa Hobert Ratliff ndiye aliyelijenga kanisa letu la Hebroni Ndogo, yeye na baba yangu, kwa mbao walizopasua wenyewe. Benchi la nyuma, lile lililo karibu na jiko la makaa, alilichonga kwa mkono wake. Hapo ndipo alipokaa maisha yake yote, kofia juu ya goti, akiwatazama wengine wakiingia alimojenga yeye.

Kuingia, kwetu sisi Wabaptisti wa zamani wa milima hii ya Kentucky, si kupita mlangoni. Mlangoni anapita yeyote, hata mbwa wa Ndugu Wiley hupita. Kuingia ni kuitwa na Mungu, ukasimama mbele ya washirika ukasimulia safari ya moyo wako, wakakupa mkono, kisha ukazamishwa kijitoni. Wala hakuna wa kukubembeleza. Wale wahubiri wa mjini wanaovuta watu mbele kwa kinanda na machozi, wazee wetu huwacheka. Mungu akimtaka mtu atamwita mwenyewe, wanasema, na asipomwita, mzamishe utakavyo, utamtoa yule yule mwenye dhambi, ila amelowa.

Basi Hobert alingoja kuitwa. Alingoja akiwa kijana wa mgodini mwenye kifua kama pipa, akangoja akiwa mtu mzima, akangoja mpaka mvi zikamjaa. Watu walimtania. Baba yangu alikuwa akimwuliza kama Mungu amesahau njia ya kwake, naye hujibu kwamba anaijua sana, ila amekutana na wewe njiani ukamchelewesha kwa maneno. Wote wanacheka, na Hobert anacheka kuliko wote. Lakini ubatizo ulipotangazwa, ni yeye aliyeshuka kijitoni Jumamosi na mbao na mawe, akayaziba maji yapate kina cha kiuno. Hakuna mwingine aliyejua kukiziba kijito cha Stillhouse kikashika. Watu wote mnaowaona leo mabenchi ya mbele wamepita katika kidimbwi chake.

Hata mimi. Nilizamishwa mwezi wa pili, vipande vya barafu vikielea pembeni, na nilipotoka majini Hobert alikuwa ukingoni na blanketi.

"Kuna baridi, Zettie?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, sikuisikia. Na kweli sikuisikia. Akatingisha kichwa taratibu, kama mtu anayesimuliwa habari za nchi asiyowahi kuifikia, akanifunika mabega.

Mkewe, mama mkubwa Arminta, alikuwa mshirika kabla yangu. Mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, nywele hazijawahi kukatwa zimefungwa kisogoni, na mdomo wake ulikuwa mkali hata kuku wa jirani walijua pa kupita. Lakini kuna kitu nilikiona kwake nikakinyamazia. Mtu akisimama kusimulia safari yake, akasema niliitwa nikilima, nikasikia jina langu na hapakuwa na mtu, kanisa zima hulia na kupeana mikono. Arminta alikuwa anatazama sakafu. Nilidhani ni huzuni ya mumewe.

Mgodi ulikuja kumdai Hobert mapafu yake, kama ulivyowadai wenzake. Baridi ile ya mwisho hakuweza tena kulala chali. Alikaa kwenye kiti cha jikoni karibu na dirisha, mito imemzunguka, macho yake yakielekea shamba la juu, ambalo siku hizo lilikuwa limeachwa likamea miiba. Daktari alishasema hataona majani mapya. Mimi nilikuwa nakwenda kila siku kufua na kupika, maana Arminta peke yake asingeweza kumwinua. Asubuhi moja nilikuta ndege mdogo mweusi amekufa kwenye pipa la taka. Arminta akasema aliingia kwa bomba la moshi, akampiga kwa ufagio, na akanikataza nisimwambie Hobert. Kwetu ndege akiingia nyumba yenye mgonjwa, hakuna anayeuliza amekuja kumfuata nani.

Na Hobert aliogopa. Nasema wazi kwa sababu matangani watu walisema alikuwa mtulivu. Hakuwa mtulivu. Mtu aliyepita chini ya mlima kila siku ya Mungu bila kushtuka, sasa mbwa akibweka nje alikuwa ananishika mkono. Jumapili moja ndugu walikuja kumwimbia. Ndugu Wiley Sexton, msimamizi wetu, alitoa mstari wa kwanza wa wimbo wa waliokombolewa, na kabla hawajaudaka, Hobert akainua kiganja. Akawaomba waimbe mwingine. Alisema huo si wake, jina lake halijaitwa, na asingependa kuimbiwa uongo akiwa karibu kufika. Waliimba mwingine, lakini ulikuwa mwembamba, nusu yao wakilia.

Jumapili iliyofuata nilimwachia mgonjwa dada yangu, nikaenda kanisani na Arminta. Ndugu Wiley hahubiri kwa karatasi. Husimama, hufungua Biblia, huifunga, kisha huanza polepole mpaka sauti ipande iwe kama wimbo. Siku hiyo ilimjia habari ya mtoto Samweli, alivyolala nyumbani mwa Mungu akasikia anaitwa kwa jina, akamkimbilia mzee Eli kusema nimekuja, umeniita. Mzee akasema sikukuita, karudi ulale.

"Mshukuruni Mungu kwa yule mzee, wapendwa," Ndugu Wiley akasema, akipiga kiganja juu ya meza. "Macho yalikuwa hayaoni, lakini hakudanganya. Angesema ndiyo, ni mimi niliyekuita, mtoto angelala usingizi wake, na sauti ile angeingoja mpaka kufa."

Arminta akasimama. Kwetu watu huinuka ibadani, huenda kunywa maji, hurudi, si ajabu. Lakini huyu alipita kati ya mabenchi akishikilia kila benchi kwa mkono, na mlango akauacha wazi, baridi ikatuingilia. Nilimfuata nikidhani kaanguka.

Nilimkuta nyuma ya kanisa, amekamata waya wa ua wa makaburi kwa mikono yote miwili. Nikamwambia twende ndani utaganda. Hapo ndipo aliponieleza.

Ndoa yao ilikuwa changa, haijamaliza mwaka. Hobert alikuwa akipalilia mahindi shamba la juu, Arminta yuko kibarazani anachambua maharage. Mara akamwona mumewe anashuka mbio, jembe kaliacha, uso umebadilika, ameshika kifua. Hobert akamwuliza, umeniita? Nimesikia jina langu wazi kabisa, nikaitika naam, nikageuka, sikuona mtu.

Arminta hakuwa amemwita. Lakini baba yake mwenyewe Arminta aliitwa hivyo hivyo, akichota maji kwenye chemchemi, akarudi nyumbani akiuliza nani kaniita, na wiki hiyo hiyo wakauleta mwili wake kutoka msituni alikokuwa akikata magogo. Ndiyo maana akamtazama kijana wake aliyesimama pale na jasho, akatabasamu, akamwambia ndiyo, ni mimi, maharage yameiva, njoo ule. Hobert akacheka, akanawa mikono. Arminta alihesabu siku akingoja maiti. Maiti haikuja. Akafurahi, akasahau.

Miaka ikapita, naye akaingia kanisani, na hapo ndipo akaanza kuwasikia watu wakisimulia. Niliitwa nikilima. Nikasikia jina langu na hapakuwa na mtu. Ndipo alipoelewa alichokuwa amekifanya, na mumewe yuko nyuma, kofia gotini, anangoja.

Nilikasirika. Nilitaka kumtikisa. Nikamwuliza amekaaje na neno hili kifuani miaka yote, wakati mzee wa watu anatetemeka kitini akidhani Mungu amempita.

"Nilitaka aishi," akasema. "Wewe ungesema nini, Zettie? Wewe na akili zako zote. Amesimama mbele yako hivi, anakuuliza. Ungesema nini?"

Sikumjibu. Akafuta pua kwa ncha ya shali, kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ya chini zaidi.

"Na mimi mwenyewe sijaitwa kwa jina, mwanangu. Nililia tu siku ile, wakanipokea. Labda mwito wa nyumba yetu ulikuwa mmoja, nikautupa."

Nilimwambia amwambie mumewe, na amwambie leo, maana akifa hajui, huo mzigo hautabebeka. Alisema akimwambia atakufa akimchukia. Nikamwambia basi na afe akikuchukia, lakini ajue. Maneno makali, lakini sikuwa na laini siku hiyo.

Alimwambia jioni, taa haijawashwa. Nilikuwa nakunja mashuka, nikataka kutoka, akaniashiria nibaki. Akavuta kigoda akakaa karibu na magoti ya mumewe.

"Hobert, ile siku ya shamba la juu, sikukuita."

Hobert hakugeuka. 

"Siku gani?"

"Unaijua."

Makaa yakashuka jikoni. Hobert akatazama miiba kule juu.

"Ulisema maharage yameiva," akasema.

"Hayakuwa hata motoni."

"Nilikula mkate wa mahindi na maziwa siku ile. Nikajisemea, huyu mwanamke kaniitia maharage, kanipa maziwa." Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaacha weusi kwenye kitambaa. "Na niliitika, Arminta. Nilisema naam. Nikasema naam, nikaja kula."

Arminta alilaza uso juu ya magoti yake. Hobert hakumgombeza, na mimi nilitamani amgombeze, amtukane hata kidogo, tupumue. Aliweka tu mkono juu ya zile nywele zisizokatwa, mkono mzito, akauacha hapo. Kisha akaniambia nikamwite Wiley.

Kanisa lilikuja kwake Jumamosi, kwa kuwa yeye hakuweza kwenda. Walijaa chumbani hadi kibarazani. Wakaimba, Wiley akitoa mstari na wengine wakiufuata, kisha akamwomba Hobert asimulie safari yake. Hobert alizungumza kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alisema aliitwa shambani ndoa yake ikiwa changa. Alisema alidhani ni mkewe.

"Yeye hakuniambia kitu," akasema. "Mimi ndiye sikuuliza. Nilishuka nikala."

Mikono ikaanza kupaa, watu wakilia, baba yangu akilia kwa sauti. Mimi nilimtazama Arminta. Alikuwa mweupe kama unga.

Ndugu Wiley akauliza, kama inavyoulizwa siku zote, ikiwa kuna mwenye neno moyoni juu ya mtu huyu alitoe sasa. Kwetu sauti moja inatosha kusimamisha shughuli. Arminta alifungua mdomo. Hobert, kitini, akamtazama, akatikisa kichwa mara moja. Mdomo ukafungwa. Na hakuna mwingine aliyesema neno. Wakampa mkono wa ushirika mmoja mmoja, na nilipofika mimi, kiganja chake kilikuwa kinachoma.

Daktari alituma ujumbe kwamba maji yale yatamwua. Wazee wakajibu kwamba hakuna aliyewahi kuugua kwa maji ya ubatizo, na kwamba daktari ashughulike na sindano zake. Asubuhi ya Jumapili wanaume wakavunja barafu, wakaanza kuziba kijito. Hakikushika. Baba yangu aliweka jiwe, maji yakalisukuma. Wakaweka mbao, maji yakapita chini, na kina kikabaki magotini. Mwishowe Hobert mwenyewe, amefungwa mablanketi ukingoni, alianza kuninong'oneza na mimi nikawa napaza sauti. Jiwe bapa upande wa chini kwanza. Nyasi na udongo kati. Ubao ulazwe, usisimamishwe. Hivyo alikiziba kidimbwi chake cha mwisho akiwa kitini, na maji yakapanda, meusi, kimya.

Walimbeba na kile kiti cha jikoni. Ndugu Wiley upande mmoja, baba yangu upande wa pili, wakaingia naye hadi kiunoni. Wiley akatamka maneno, wakamlaza nyuma na kiti chake, maji yakamfunika. Nilisubiri. Walipomwinua, watu waliimba, na mimi nikamwangalia usoni nikitafuta ile nuru niliyoiona kwa wengine. Alikuwa amegeuza kichwa, ametega sikio kuelekea mlimani, kama mtu anayengoja jibu.

Nikamkimbilia na blanketi. Ilikuwa zamu yangu.

"Kuna baridi, baba mkubwa?"

Alinitazama kwa macho makubwa.

"Kuna baridi, Zettie," akasema. "Kuna baridi sana."

Arminta alikuwa karibu yangu. Alisikia.

Hobert hakufika Jumapili iliyofuata. Ndugu Wiley alimzika kwa maneno mazuri, akasema ndugu yetu ametuachia tumaini, na picha yake ikatundikwa ukutani pamoja na za wafu wengine wa kanisa. Nilipoketi siku hiyo nikatafuta kichwa cha Arminta kwenye benchi la kina mama, sikukiona. Alikuwa nyuma, karibu na jiko, pale pale, mikono imelala mapajani.

Hakurudi mbele tena. Majira ya joto ilipofika siku ya Meza ya Bwana na kuoshana miguu, nilimfuata na beseni na taulo kiunoni, nikapiga magoti. Akaivuta miguu yake chini ya benchi.

"Si mwaka huu, mwanangu."

Ndugu Wiley alikuja kuzungumza naye, na alizungumza vizuri. Akamwambia alichofungua Mungu hakuna mtu wa kukifunga, na akimwita mtu, maharage ya mwanamke hayawezi kumzuia. Kwa hiyo alikuwa ameambiwa yote. Arminta alikiri kwake baada ya mazishi. Mafundisho yake ni yale yale niliyolelewa nayo, na nayaamini. Ila nilikuwa pale ukingoni, na neno la Hobert nalisikia bado. Arminta alimjibu Wiley kwa heshima kwamba yeye hana ubishi, anangoja tu.

Mahindi yalipoanza kukauka nilikuwa kwake, adhuhuri, ndani, nakoroga chungu. Yeye alikuwa kibarazani na sindano na uzi, anatunga maharage mabichi ya kuanikwa kwa ajili ya baridi. Hakukuwa na upepo. Nikasikia beseni likianguka, maharage yakitawanyika juu ya mbao.

Akaja mlangoni. Ameshika kifua.

"Zettie," akasema, "umeniita?"

Sikuwa nimemwita. Nilikuwa na mwiko mkononi, na chungu mbele yangu kilikuwa kimeiva kabisa. Safari hii hata uongo usingehitajika mwingi. Ndiyo mama mkubwa, njoo ule. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nampenda yule mwanamke, na sikuwa na mwingine wa kizazi chake aliyebaki, maana baba yangu alishamfuata Hobert kaburini. Nikakumbuka waya wa ua wa makaburi, na swali ambalo sikulijibu.

"Hapana, mama mkubwa," nikasema. "Sikukuita."

Alinitazama, akainamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea chenji yake sawa. Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari. Akapapasa nywele zake kisogoni kuona kama zimekaa vizuri. Kisha akashuka ngazi hadi uani, akasimama akielekea shamba la juu, kwenye ile miiba, ambako hapakuwa na mtu.

"Abee," akaitika.